Msemaji Wangu kwenye Tovuti ya Chuo

Sijawahi kuupenda ule ukurasa wa chuo, na sitajifanya kwamba niliupenda hata siku ya kwanza. Siku hiyo nilikaa mbele ya kompyuta katika duka la intaneti karibu na soko la Singida, mwenye duka akanifungulia, ikaanza kushuka picha polepole kutoka juu: paji la uso, halafu macho, halafu meno. Alikuwa msichana aliyevaa joho la mahafali, anacheka. Chini yake wameandika kwamba chuo kiko nami popote nilipo. Picha ilipomaliza kushuka, muda niliolipia ulikuwa umekwisha, nikaondoka bila kusoma kingine.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila kitu kinabadili mmiliki. Duka la ushirika limegeuka ukumbi wa video, milingoti ya simu inachomoza juu ya majabali, na vyuo navyo vimeanza kuongea kama wenye maduka: wateja, huduma, ushindani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naishi mtaa wa Mandewa na mume wangu na watoto wetu, huku nasoma shahada ya ualimu kwa masafa. Mwanzoni chuo kilikuwa na dirisha pale kituo cha mkoa. Unafika, unasalimia, unapewa vitabu vyako, unauliza unachouliza, unajibiwa vibaya lakini unajibiwa. Kisha likabandikwa tangazo kwamba huduma zote za wanafunzi sasa zinapatikana kwenye tovuti, na lile dirisha likapakwa rangi kwa ndani. Ukigonga, mratibu anatoa kichwa mlangoni, anakwambia nenda kwenye tovuti. Ukimwuliza tovuti inasemaje, anakujibu kwamba yeye mwenyewe hajaiona wiki hii, umeme ulikatika.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa anafundisha huko Mgori. Alikuwa akipanda juu ya magunia ya mkaa kwenye lori kuja mjini kuangalia tarehe za mitihani, anakuta ukurasa unafanyiwa marekebisho, anarudi juu ya magunia matupu. Aliacha masomo. Chuo hakikujua kwamba ameacha, kiliendelea kumpongeza kila mwaka mpya wa masomo. Aliponisimulia alikuwa anacheka, mimi nikashindwa kucheka naye.

Mume wangu alikuwa mnunuzi wa alizeti. Babu yake alitoka pwani na bidhaa zake, akaoa Mnyaturu, akabaki, na tangu hapo wote ni watu wa duka na mizani. Hakuelewa kwa nini mtu mwenye mshahara arudi kuwa mwanafunzi, lakini hakunizuia, na pale kwenye duka la intaneti alikuwa akinisubiri nje, amejiegemeza kwenye baiskeli, anataniana na wapita njia. Presha ilimchukua akiwa mashineni anapima mbegu. Asubuhi tulikuwa tumegombana kuhusu paa linalovuja. Mchana wakaja kuniita kwa uso ule ambao ukiuona huna haja ya kuuliza kitu.

Mwaka ule ulikuwa wangu wa mwisho wa masomo, na ulikuwa wa mwisho kweli. Chuo kilikuwa kinafuta mtaala wetu wa zamani, na tovuti ilitangaza kwamba atakayekosa mitihani ya mwaka huo ataanza upya mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimebaki na watoto na mshahara wa daraja la chini. Shahada ingenipeleka sekondari, ningeweza kuisimamia nyumba ile peke yangu. Bila shahada, ukoo mzima ulijua kinachofuata na wengine walishaanza kukisema nikiwa nasikia: nyumba irudi kwa ndugu wa marehemu, na mimi nitafutiwe mume humo humo ndani ya ukoo. Nilikuwa naitaka ile mitihani kuliko nilivyotaka kula.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Nilikaa chumba cha ndani na nguo nyeupe isiyo na urembo, na shangazi wa marehemu akahamia kwetu kunikalia. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye dini na masikio. Ukikohoa anauliza. Mitihani yenyewe ilikuwa imepangwa baada ya eda kwisha, hapo sikuwa na wasiwasi. Shida ilikuwa kwamba kila mtahiniwa alitakiwa kwanza kuthibitisha kwenye tovuti kwamba atafanya, na siku za kuthibitisha ziliangukia katikati ya eda yangu. Nikamwomba shangazi ruhusa ya kwenda dukani mchana mara moja tu. Akaniuliza kama huyo msichana anayecheka kwenye kompyuta ndiye atakayenijibia kwa Mungu. Nilikuwa nimemsimulia ile picha mwenyewe, nikamlaani kimoyomoyo na kujilaani na mimi.

Ikabidi aende shemeji yangu, mdogo wa marehemu.

Huyu naomba nimweleze vizuri, maana asiyeijua nyumba ya msiba ya kwetu anaweza kumwona mhalifu wa kawaida. Msiba ukitokea, familia inateua msemaji. Mfiwa hasemi. Mfiwa akiulizwa kama amekula, msemaji anajibu kwamba amekunywa uji. Watu wakileta rambirambi, msemaji ndiye anayeshukuru kwa niaba. Ratiba ya mazishi ni yake, khitma ni yake, hata kumkatalia mgeni asiyetakiwa ni kazi yake. Shemeji alikuwa muuza vipuri vya baiskeli, kidato cha nne alimaliza, na ulimi Mungu alimjalia. Pale makaburini aliongea mpaka watu waliokuja na haraka zao wakakaa chini. Tangu siku hiyo hakuuvua usemaji. Alikuwa akiingia uani kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa.

Ili afungue ukurasa wangu alihitaji neno la siri. Hapo ndipo nilipomchukia mara ya kwanza, ingawa kosa halikuwa lake. Neno lenyewe lilikuwa jina ambalo mume wangu alikuwa akiniita tukiwa wawili chumbani, jina la kipuuzi la kitoto ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua. Nilikaa nyuma ya pazia, shangazi pembeni yangu na tasbihi yake, nikalitaja jina lile kwa shemeji herufi moja moja. Kisha akalirudia lote kwa sauti ili kuhakikisha. Shangazi akaacha kuhesabu tasbihi. Sijui mwanamke avuliwe nini zaidi ya pale.

Nilimwagiza kitu kimoja: aingie sehemu ya mitihani, athibitishe, atoke. Alikwenda kwa Mhindi wa duka la intaneti, mtu wa ukoo wa wauza vitambaa, ambaye humfungulia mteja na kurudi kwenye hesabu zake. Shemeji akabaki peke yake na ukurasa wangu. Na katika kuutafuta mtihani akakutana na kile chuo kilichokuwa kinajivunia siku zile, sehemu mpya ya kuwasaidia wanafunzi wenye matatizo. Ipo ya wagonjwa, ipo ya wajawazito, ipo ya waliofiwa. Imeandikwa kwa upole mkubwa: kama umefiwa, tuambie, hauko peke yako.

Kwa msemaji wa msiba hilo ni kama kufunguliwa mlango na kuwekewa kiti. Akaingia. Akaandika taarifa ya kifo, jina kamili la marehemu, ugonjwa, mahali alipozikwa, na kwamba mjane yumo ndani ya eda na familia inaomba dua. Akaandika kama mimi, maana ukurasa ulikuwa wangu. Mwishoni ukurasa ukamwuliza kama mwanafunzi angependa kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Akabonyeza ndiyo. Baadaye alinieleza sababu yake bila hata kupepesa macho: ukimwuliza mjane aliye eda kama anataka kutoka nje, jibu la heshima ni lipi?

Alirudi jioni akiwa na karatasi iliyochapwa. Barazani kulikuwa na watu, wazee wa mtaa na majirani waliokuja kutupa pole, na mimi niko ndani nasikia kila kitu. Akasimama, akasafisha koo, akatangaza kwamba chuo kikuu chenyewe kimeleta salamu za rambirambi. Kisha akasoma, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo, na ninakiri aligeuza vizuri. Chuo kimepokea kwa masikitiko taarifa ya msiba wangu. Chuo kinathamini ustawi wangu. Masomo yangu yameahirishwa kama nilivyoomba, na chuo kinanitakia utulivu. Mzee mmoja akasema mashaallah, serikali imekumbuka. Shangazi alifuta machozi. Watu wakaitikia amina juu ya kufutwa kwa mitihani yangu, nami niko nyuma ya pazia nimeuma upindo wa nguo nisipige kelele.

Walipoondoka nilimwita na kumwambia alichokifanya. Alidhani nimechanganya mambo. Nikamweleza tena, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la pili, mtaala unafutwa, mwaka huu ni wa mwisho, nitaanza upya. Akasema atarudi kesho kuwaarifu kwamba mjane amebadili mawazo, ni jambo dogo, watu wazima huelewana. Alikwenda kesho yake na siku zilizofuata. Kila alipoandika, ule ukurasa ulimjibu kwa pole ileile, neno kwa neno, chuo kimepokea kwa masikitiko. Kulikuwa na kitufe cha kuahirisha. Cha kurudisha hakikuwepo. Mara ya mwisho alirudi amekasirika kabisa, si kwa ajili yangu, bali kwa sababu katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza kwa adabu namna ile na asisikie kitu.

Nikaacha kula. Sikuwa nafanya mgomo, chakula kilikuwa hakipiti. Shangazi alipoona hivyo akamwita shehe wa msikiti wetu, naye akasema pale pale uani kwamba mjane mwenye haja ya lazima anaweza kutoka mchana na kurejea kwake. Ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Shangazi hakuniomba radhi, akatafuta viatu vyake.

Tukaenda kituo cha mkoa watatu, mimi na nguo zangu za eda, shangazi na shemeji. Watu njiani walinipisha. Mratibu alikuwa kijana wa kutosha kuwa mdogo wangu, ana kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na alimwamkia shangazi shikamoo kwa unyenyekevu kabla ya kutukaribisha. Mimi aliniita mwalimu. Aliifunua kompyuta, akasubiri, akaingia kwenye kumbukumbu zangu, akanigeuzia kioo. Nikasoma maneno ya shemeji yangu, na jina langu chini yake.

Nikamwambia sikuandika mimi. Akainuka, akaenda akafunga mlango.

"Mwalimu, fikiri kabla hujaendelea," alisema. "Mfumo unasema ni wewe. Kama siyo wewe, basi ulimpa mtu neno lako la siri, na kanuni iko hapo hapo kwenye tovuti. Huyo mwanafunzi anafukuzwa chuo."

Sikuwa nimeisoma hiyo kanuni, na nina hakika hata yeye alikuwa ameisoma juzi. Lakini nilielewa mara moja nimekwama wapi. Nikisema kweli, nimefukuzwa. Nikisema niliandika mimi, nimeahirisha kwa hiari yangu na mtaala umekwisha. Yule mwenye makosa yuko kushoto kwangu, kavaa koti la marehemu. Nikageuka, nikamtazama kwa macho ambayo sijawahi kumtazama mtu mzima. Nilitaka awe na haya walau mara moja, aseme ni mimi, kisha tuone kijana huyu atafanya nini na mtu asiye mwanafunzi wake.

Shemeji akasimama. Akavuta koti, akasafisha koo. Alimshukuru mratibu kwa niaba ya familia. Alieleza ukubwa wa pigo tulilopata. Alisema mjane huyu ni mwanamke msomi na mwenye adabu, ila kifo kilikuja ghafla, na kwa kipindi fulani akili yake haikuwa sawa. Aliandika vitu asivyovikumbuka. Leo amepata nafuu, anaona aliyoyaandika, anayakana kwa sababu kweli hayakumbuki. Familia inaomba chuo kimstahi kama anavyostahiwa mgonjwa.

Aliyasema vizuri mno. Mratibu alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, na mikono yake tayari inatafuta kitu kwenye kompyuta. Shangazi akaongezea bila kuulizwa, "Kweli, mwanangu. Hata chakula alikuwa hali." Na hilo lilikuwa kweli tupu.

Mratibu akasema kipo kifungu. Kwenye ile sehemu ya msaada, chini kabisa, mwanafunzi ambaye maombi yake aliyatuma akili ikiwa si timamu anaweza kuyatengua na kurudishwa kwenye orodha ya watahiniwa, mradi mratibu wa mkoa athibitishe amemwona. Yeye amemwona. Alibonyeza hapa na pale, akanigeuzia tena kioo. Kulikuwa na sentensi moja na kiboksi kando yake: nathibitisha kwamba wakati nilipotuma maombi haya sikuwa na akili timamu.

Shemeji alinyoosha mkono kuelekea ile kompyuta. Mratibu akamzuia kwa upole.

"Hapana, mzee. Hii lazima abonyeze mwenyewe."

Niliangalia ile sentensi. Darasani kwangu nilikuwa na watoto wanaojua kusoma kwa sababu yangu, nilikuwa nimefika mwaka wa mwisho huku naamka alfajiri kuchota maji na kusahihisha madaftari, na nilikuwa timamu kuliko wote waliokuwa kwenye kile chumba na kuliko wote walioutengeneza ule ukurasa huko waliko. Mratibu akauliza kwa upole, kwa ajili ya utaratibu tu, kama ninakubaliana na maelezo ya familia. Wote watatu wakanisubiri. Nikasema, "Ndiyo. Nilichanganyikiwa." Kisha nikabonyeza.

Nje shemeji alitembea mbele yetu, amechangamka, akiwasalimia wenye maduka. Tulipofika njia ya Mandewa akapunguza mwendo ili niwe sambamba naye, na nikajua anasubiri shukrani. Hakuzipata siku ile wala tangu siku ile. Wapo wanaoniambia kwamba alinisaidia, kwamba bila ulimi wake ningeanza upya, na sina cha kuwabishia. Eda ilipokwisha ndugu walipokutana akasimama kutaka kusema kwa niaba yangu, nikamwambia mbele yao akae chini. Akakaa. Walisema bado sijapona vizuri.

Mitihani niliifanya, nikafaulu. Sekondari nilikwenda, na katika nyumba ya Mandewa bado ninaishi, paa nimeezeka upya. Ndugu hawakuniletea mume, sidhani kama kuna aliyemtaka mwanamke wa namna ile. Chuo nacho hakifuti kitu. Niliandika mara nyingi kuomba maelezo yale yaondolewe, nikaenda hadi kituoni, nikakuta mratibu mwingine, akaniambia kumbukumbu za mwanafunzi haziguswi, na kwamba chuo kinaendelea kuboresha huduma zake mtandaoni.

Binti yangu mkubwa alipoanza naye kutafuta chuo alitaka kuona matokeo yangu ya zamani. Sasa anayafungulia nyumbani, hahitaji duka la mtu. Akaingia kwenye ule ukurasa, akafurahia alama zangu, akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, kisha akafika kwenye maelezo ya mwaka wa mwisho. Nilikuwa nachambua mchicha, sikuinua kichwa.

"Mama," akaniuliza, "ulirukwa na akili lini?"

Nikamjibu ni mwaka ule niliotaka kufanya mtihani.